Kitoto cha mbwa siku ya tatu, mama yake anakisukuma, naomba msaada wa kumlisha

ZuhuraB
Wakuu habari zenu. Mbwa wangu kazaa juzi, watoto saba, sita wako vizuri wananyonya wanalala, sasa huyu wa saba ndo mdogo kuliko wote na kila nikimrudisha kwenye ziwa mama anamsukuma kwa pua, akizidi kulia anahama kabisa anaenda kulala kona nyingine ya boksi na wale wengine wanamfuata, huyu anabaki. Asubuhi hii nimemkuta peke yake pembeni, ukimshika ni wa baridi, anafungua mdomo kulia lakini sauti haitoki vizuri. Nimempima kwenye mizani ya jikoni ana gramu 240, wenzake wote wamepita 300.

Bado sijampa kitu. Nina sirinji mpya isiyo na sindano, chupa ndogo yenye chuchu, na maziwa ya ng'ombe kwenye friji. Jirani kaniambia niyachemshe nizimue na maji nimpe. Je ni sawa? Nimpe kiasi gani, kila baada ya muda gani, na usiku ndo lazima niamke au anaweza kusubiri mpaka asubuhi? Mwenye uzoefu anisaidie haraka jamani, daktari wa mifugo nimempigia anasema anaweza kumwona jioni.

mbwa_koko
Usijipe presha dada. Maziwa ya ng'ombe yanatosha, mlaze chali kwenye mkono kama unavyonyonyesha mtoto, mpe mpaka ashibe, akishiba atalala mwenyewe. Hawa wanyama wagumu sana.

MsaidiziKliniki
Zuhura SUBIRI usimpe maziwa kwanza. Yaani hata yawe maziwa mazuri kuliko yote duniani, usimpe sasa hivi. Umesema mwili wa baridi, hapo ndo pa kuanzia, njaa inafuata.

Niko kliniki ya mifugo, hawa wanaletwa kila msimu wa uzazi, na wengi wanaotufia walikuwa wa baridi halafu wakalishwa. Mtoto wa mbwa wiki ya kwanza hawezi kujipasha joto mwenyewe, hata kutetemeka hawezi bado, anategemea mama na wenzake. Akipoa tumbo linasimama, halisagi, maziwa yanakaa mle ndani yanachacha, tumbo linajaa gesi, na kumeza kwenyewe kunakuwa dhaifu kwa hiyo mengine yanaingia kwenye mapafu. Unafikiri unamsaidia kumbe unammaliza.

Kama una thamometa ya kidijitali ipake mafuta kidogo kwenye ncha, ingiza njia ya haja kubwa kidogo tu, taratibu. Wiki hii ya kwanza joto lake la kawaida ni nyuzi 35 mpaka 37, sio 38 na kitu kama mbwa mkubwa. Ikisoma chini ya 35 hakuna kulisha. Kama huna thamometa mwekee kidole kidogo mdomoni (osha mikono kwanza), ukikuta ulimi na ufizi ni wa baridi na havuti kidole, jibu umeshapata.

Kumpasha ni polepole, saa moja mpaka tatu hivi, usimwogeshe maji ya moto wala usimwekee hita karibu, ukimpasha kwa haraka mshipa wa ngozi unafunguka ghafla na moyo hauwezi. Njia rahisi ni mwingize ndani ya nguo kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mfunike, mgeuzegeuze, msugue mgongo taratibu. Au chupa ya maji ya moto uizungushie taulo mpaka ukiigusa na upande wa ndani wa mkono unahisi joto la kawaida sio la kuchoma. Iweke upande MMOJA wa boksi tu, upande mwingine uache, akizidiwa na joto atambae aondoke. Hawa hata wakiungua hawana nguvu ya kukimbia.

Wakati unampasha, pakaza tone la maji ya uvuguvugu yenye glukosi kwenye ufizi kwa kidole, kama huna glukosi hata sukari. Tone, usimimine. Sukari ya damu ya hawa inashuka haraka sana wasiponyonya. Rudi hapa ukishapata kipimo. Na ile ya kumlaza chali isahau kabisa.

Mfugaji_wa_Zamani
Naunga mkono hapo juu kwa herufi kubwa. Na mbwa jike mara nyingi anamkataa yule wa baridi KWA SABABU ni wa baridi, kwake huyo ni kama ameshakufa. Ukimpasha akarudi na joto lake kuna siku anapokelewa kama hakuna kilichotokea. Kwa hiyo usikimbilie kumlea kwenye chupa kabla hujajaribu hilo.

ZuhuraB
Asanteni sana aisee. Kipimo cha kwanza kilisoma 33.8, nikamweka kifuani ndani ya sweta, nimekaa naye hivyo hivyo nafanya kazi za mezani. Sasa hivi imesoma 35.9 na ameanza kutafutatafuta na pua, nikimpa kidole anakivuta. Glukosi nimempakaza. Sasa maziwa?

Mfugaji_wa_Zamani
Safi sana, hapo sasa tunaongea maziwa.

Namba moja ni maziwa ya unga maalum ya watoto wa mbwa, muulize huyo daktari wa jioni, na ufuate vipimo vya kwenye kopo, usiongeze unga ukidhani unamnenepesha wala usipunguze. Ya ng'ombe peke yake hayamtoshi na nitakwambia kwa nini. Maziwa ya mbwa yana mafuta karibu asilimia 9 na protini kama 7 au 8. Ya ng'ombe mafuta hayafiki 4 mara nyingi na protini ni 3 na kitu. Kitu pekee ambacho ya ng'ombe yamezidi ni laktosi, na ndo hiyo inayowaharisha. Sasa jirani anasema uzimue na maji! Tumbo la huyu linabeba kama mililita 4 kwa kila gramu 100 za mwili, yaani wako akijaa pomoni ni mililita 9 au 10, ukilijaza maji chakula kitakaa wapi? Atalala ameshiba na anakonda.

Ya kuvukia leo tu mpaka upate ya kopo: kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe yasiyotolewa mafuta (mililita 240 hivi), viini vitatu vya mayai bila ule ute mweupe, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya mahindi, chumvi chembe tu. Koroga vizuri, chuja ili chuchu isizibe, weka kwenye friji, kesho yakibaki mwaga. Asali usitie. Hii ni ya dharura, sio ya kumkuzia.

Kiasi: wiki hii ya kwanza mililita 15 mpaka 20 kwa kila gramu 100 kwa SIKU NZIMA. Wako wa gramu 240 ni mililita 36 mpaka 48, gawa mara nane, inakuja mililita nne na nusu mpaka sita kila mlo. Kila baada ya saa mbili mpaka tatu, na ndio, usiku unaamka, hilo halina mjadala wiki hii. Wiki ya pili unaweza kwenda saa tatu mpaka nne. Leo kwa kuwa ametoka kwenye baridi anza na mililita mbili uone anavyoendelea kabla hujafika huko juu.

Maziwa yapashe kwa kuweka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto, yafike kama 38, dondosha kwenye kifundo cha mkono usihisi moto wala baridi. Maikrowevu inaacha sehemu nyingine zinachemka, achana nayo.

MsaidiziKliniki
Naongezea jinsi ya kumshika maana wengi wanakosea hapa. Tumbo chini kwenye taulo, miguu ya mbele iwe na mahali pa kusukuma, kichwa kimenyanyuka kidogo kama anavyokuwa kwenye ziwa la mama. Usimrudishe kichwa nyuma. Chupa igeuze chini kwanza uangalie tundu la chuchu, inatakiwa idondoke tone kwa tone, yakimwagika tundu ni kubwa, yasipotoka mpaka ubinye ni dogo. Na ukishaweka mdomoni USIBINYE chupa, mwache avute mwenyewe. Ulimi wake utaona unajikunja kama kijiko kuzunguka chuchu na masikio yanacheza kidogo kila anapomeza, hapo jua anakunywa kweli.

Ukitumia sirinji ni tone, subiri ameze, tone. Tena kwa huyu wako anayevuta kidole vizuri mimi ningechagua chupa.

Maziwa yakitokea puani simama hapo hapo, mwinamishe kichwa chini, futa. Ikitokea mara moja labda umemwendesha haraka. Ikitokea kila mlo mfungue mdomo umulike tochi kwenye kaakaa, kuna wanaozaliwa na ufa hapo juu, na mama akimkataa mtoto hiyo nayo ni sababu mojawapo. Huyo wa ufa hatumii chupa, ni mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni mpaka tumboni na huo unafundishwa na daktari mkono kwa mkono, usiende kujifundishia kwenye video.

mbwa_koko
Hii sasa mnatisha watu, thamometa, mizani, tochi! Mimi nimekuza mbwa kibao kwa maziwa ya ng'ombe na wako hai wananibwekea kila siku.

Mfugaji_wa_Zamani
Mkuu waliobaki ndo wanakubwekea, wasiobaki hawana sauti. Mtoto mnene aliyenyonya dang'a la mama siku nzima ya kwanza anaweza kuvumilia ya ng'ombe, sikatai. Huyu wa Zuhura ni gramu 240 na katoka nyuzi 33, huyo hana akiba ya kuchezea.

Bi_Tausi
Zuhura mwanangu hongera, umefanya vizuri. Hakuna aliyegusia choo naona, ngoja niseme. Hawa wadogo hawawezi kukojoa wala kunya wenyewe mpaka kwenye wiki ya tatu hivi, mama ndo anawalamba ndo vinatoka. Kama mama hamgusi huyu basi kazi hiyo ni yako. Chukua pamba au kitambaa laini kiloweshe maji ya uvuguvugu, mpapase taratibu sehemu ya mkojo na ya haja kubwa mpaka atoe, kila akila. Usikandamize, ngozi yao inachubuka upesi. Mkojo uwe mweupe au njano ya mbali sana, ukiwa wa njano iliyokolea hapati maji ya kutosha. Choo kiwe cha njano au kahawia laini kinashikamana. Kikiwa majimaji mara nyingi umemlisha kupita kiasi, punguza mlo unaofuata, na kikizidi au kikawa cha kijani au cheupe mwambie daktari.

Halafu mama usimwache. Mkague chuchu zake zote moja moja, kama kuna ziwa limevimba, la moto, gumu, au maziwa yametoka rangi ya ajabu, huyo anaumwa na ndo maana anawasukuma watoto, leo kamsukuma mmoja kesho wawili. Na ukimwona anahema sana, anatembea kama miguu imekakamaa, anatetemeka, usingoje jioni wala asubuhi, hiyo ni kalsiamu imeshuka na inaua mbwa anayenyonyesha kwa saa chache.

Kama mama mzima, jaribu hivi: watoe wale wanene wawili watatu uwaweke kwenye boksi lenye joto kwa muda, mlaze mama, msemeshe, umshike huyu mdogo kwenye chuchu za nyuma kabisa maana huko ndo maziwa yanajaa. Keti hapo usiondoke. Hata akinyonya dakika chache tu ni faida, chupa ije kujazia.

ZuhuraB
Shikamoo Bi Tausi na asante sana, hilo la choo nilikuwa sijui kabisa. Nimempapasa kakojoa njano iliyokolea, nadhani ndo ule ukavu uliosema. Milo miwili imeshapita, wa kwanza mililita mbili, wa pili nne, hakuna kilichotoka puani. Kaakaa nimemulika liko zima. Chuchu za mama laini zote, anakula vizuri.

Nimejaribu ile ya chuchu za nyuma na huwezi amini kamwacha anyonye, ila wale wanene nikiwarudisha tu wanamkanyaga wanamtoa. Sasa swali lingine, akilala anashtukashtuka, miguu inaruka, mdomo unachezacheza, nimeogopa ni degedege?

Bi_Tausi
Marahaba. Hiyo ya kushtuka ni nzuri! Mtoto mzima usingizini anarukaruka muda wote, ndo misuli inajijenga. Anayelala katulia kama gogo bila kushtuka ndo wa kuogopwa. Degedege utalijua, mwili unakakamaa, kichwa kinarudi nyuma, ukimgusa haamki.

Na huo mkojo uangalie kila mlo, ukianza kupauka ujue maziwa yanafika.

MsaidiziKliniki
Kwa wanaokanyagwa tunafanya zamu, wanene nje, mdogo anyonye na mwenzake mmoja wa saizi ya karibu, halafu unabadilisha. Ukimaliza zamu yake unamjazia na chupa, ila punguza kulingana na alivyonyonya. Utajuaje? Mpime kabla na baada ya kunyonya, gramu zilizoongezeka ndo maziwa aliyopata.

Na kwa ujumla mizani ndo daktari wako wa nyumbani. Mpime kila siku saa ile ile, wenzake pia, andika kwenye karatasi ubandike juu ya boksi. Siku ya kwanza baada ya kuzaliwa kushuka kidogo chini ya asilimia 10 ni kawaida, baada ya hapo inatakiwa kupanda kila siku, asilimia 5 mpaka 10, na kati ya siku ya 7 na 10 awe na uzito mara mbili ya aliozaliwa nao. Asiyeongezeka siku nzima namjulisha daktari siku hiyo hiyo hata kama anaonekana mchangamfu, maana uzito unaanza kusema kabla ya dalili nyingine yoyote.

Boksi lenyewe wiki hii liwe kama nyuzi 29 mpaka 32 upande wa joto, wiki ya pili na tatu unashusha mpaka 26 na kitu. Wakilala wamebanana rundo moja wanaona baridi, wakisambaa kila mtu kona yake wanahema mdomo wazi wana joto. Ukiwaona wamegusana gusana tu wamelala pumzi zinaenda sawa, hapo usibadilishe kitu.

Jioni kwa daktari muulize habari ya dang'a. Mwili wa mtoto unapokea zile kinga za mama kwa saa 24 za kwanza tu hivi, baada ya hapo utumbo hauzipitishi tena. Kama huyu alisukumwa tangu siku ya kwanza huenda hakupata, kwa hiyo usafi uwe mkali zaidi kwake, vyombo vichemshwe, mikono ioshwe, wageni wa kuja kuwashika wasubiri. Kitovu kikague pia, kiwe kikavu, kikiwa chekundu kimevimba kina usaha hapo anahitaji dawa.

mbwa_koko
Haya hiyo ya kupima kabla na baada ya kunyonya nimeikubali, sikuwahi kuiwaza. Na dawa ya minyoo lini? Mimi huwa nangoja miezi mitatu.

Mfugaji_wa_Zamani
Miezi mitatu umechelewa sana mkuu. Minyoo mviringo wanazaliwa nayo, inapita kwa mama wakiwa bado tumboni, na mingine inakuja kwenye maziwa. Inaanza wiki ya 2, inarudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka wiki ya 8, na mama naye anapewa pamoja nao. Ya maji ndo rahisi kwa wadogo, kipimo kinafuata uzito, ndo mizani tena hiyo. Chanjo zinaanza wiki ya 6 mpaka 8.

ZuhuraB
Nimerudi kwa daktari. Mapafu yake ameyasikiliza yako safi, kanipa maziwa ya unga ya kopo, kasema niendelee na zamu za ziwa na chupa ya kujazia. Swali la mwisho kabla sijaweka alamu za usiku, nimeona viroboto viwili kwenye tumbo la mama, kwa watoto bado sijaona. Nina poda ya viroboto hapa, niwapake?

MsaidiziKliniki
Usiwapake watoto, na mama usimpake pia maana wanamlamba na kumnyonya humo humo, dawa nyingi za wakubwa ni sumu kwao. Chukua kitana chenye meno ya karibukaribu, mchane mama mara mbili kwa siku, viroboto vitumbukize kwenye maji ya sabuni. Matandiko yabadilishe kila siku ufue kwa maji ya moto. Watoto wachane pia kwa upole na uangalie ufizi, ukiona umepauka kuwa mweupe piga simu hata usiku, kwa mwili wa gramu 240 viroboto vichache tu vinamaliza damu. Dawa ya mama ambayo ni salama kwa anayenyonyesha ipo, mpigie huyo daktari kesho akutajie na kipimo chake.